Jules Verne: diwani wa Amiens aliyewapenda waasi wa mbali

Mwanzoni mwa mwaka 1863 kilitoka kitabu mjini Paris kilichosimulia safari ya watu watatu kutoka Uingereza kuvuka Afrika kwa puto. Safari hiyo ilianzia Unguja. Puto lilipita juu ya Uzaramo, likavuka milima, likaelea juu ya Ugogo na kushuka Kazeh, mahali ambapo siku hizi ni Tabora. Baadaye likafika Ziwa Viktoria, kisha likaelekea magharibi hadi Senegal. Mwandishi wa kitabu hicho alikuwa na umri wa miaka 34. Hakuwa amekanyaga Unguja wala Tabora, na mpaka anafariki hakuwahi kufika huku kwetu.

Jina lake ni Jules Verne. Wengi wanamfahamu kwa hadithi za nyambizi, za kusafiri hadi mwezini, za kuizunguka dunia kwa siku 80. Anahesabiwa kati ya waasisi wa riwaya za kisayansi za kubuni. Leo tunaangalia upande wake ambao hautajwi sana, nao ni siasa. Vitabu vyake vimejaa watu wanaopigania uhuru, lakini mwenyewe maishani alikuwa mtu wa tahadhari, mpenda utulivu, na mwishowe diwani wa mji mdogo. Swali tunalojiuliza ni hili: mtu aliyewatetea wanyonge wa nchi za mbali kwa kalamu yake, alisimama wapi pale jambo lilipobisha hodi nyumbani kwake?

Mtoto wa bandari ya Nantes

Jules Verne alizaliwa tarehe 8 Februari 1828 katika mji wa Nantes, magharibi mwa Ufaransa, kwenye Mto Loire karibu na bahari ya Atlantiki. Baba yake, Pierre, alikuwa mwanasheria na Mkatoliki aliyeshika sana ibada. Mama yake, Sophie, alitoka katika ukoo wa manahodha na wenye meli. Nyumba aliyozaliwa ilikuwa kwenye kisiwa cha Feydeau, katikati ya mto, mahali palipojengwa majumba ya mawe na matajiri wa bandari.

Utajiri wa majumba hayo una historia yake. Katika karne ya 18, Nantes ndiyo ilikuwa bandari kubwa kuliko zote za Ufaransa kwa biashara ya watumwa. Meli ziliondoka pale na bidhaa, zikaenda pwani ya Afrika Magharibi kununua watu, zikawavusha hadi visiwa vya Karibi, kisha zikarudi na sukari na kahawa. Verne alipozaliwa, biashara hiyo ilikuwa imepigwa marufuku kisheria, lakini utumwa wenyewe uliendelea katika makoloni ya Ufaransa. Ulifutwa Aprili 1848, yeye akiwa kijana wa miaka 20.

Tunalitaja jambo hili mapema kwa sababu utumwa utarudi katika vitabu vyake, na tutaona nani anabebeshwa lawama.

Paris ya mapinduzi

Verne alikuwa mtoto wa kwanza, na baba yake alitaka aje kurithi ofisi ya sheria. Akampeleka Paris kusoma. Kijana alifika huko katika wakati mgumu. Februari 1848 wananchi walimwondoa Mfalme Louis-Philippe wa ukoo wa Orléans, na Ufaransa ikatangazwa kuwa jamhuri. Miezi minne baadaye wafanyakazi waliokosa ajira waliinuka, wakafunga njia kwa vizuizi. Jamhuri ile ile iliyozaliwa kwa nguvu ya wananchi ikawapiga kwa mizinga, na maelfu wakafa. Verne aliingia mjini baada ya mapigano hayo. Alipita mitaani, akaona nyumba zilizotobolewa na risasi, na habari hizo akawaandikia wazazi wake.

Haikuishia hapo. Tarehe 2 Desemba 1851 Rais Louis-Napoléon Bonaparte alipindua bunge, na mwaka uliofuata akajifanya mfalme mkuu, akiitwa Napoleon wa Tatu. Wapinzani wengi walifungwa au kukimbilia nje ya nchi.

Kwa kijana wa miaka ishirini na ushee, hilo lilikuwa somo zito. Aliona serikali tatu katika miaka minne: ufalme, jamhuri, kisha utawala wa mtu mmoja. Barua zake za maisha yote zinaonyesha mtu aliyeogopa vurugu za mitaani kuliko alivyoogopa serikali mbaya.

Sheria aliimaliza, lakini mwaka 1852 aliikataa ofisi ya baba yake. Akafanya kazi ya ukatibu katika jumba la michezo ya kuigiza, kazi yenye malipo kidogo, huku akiandika tamthilia ambazo hazikumtoa kimaisha. Mwaka 1857 alimwoa Honorine, mjane mwenye mabinti wawili. Familia ilihitaji chakula, kwa hiyo akaingia kufanya kazi katika soko la hisa la Paris. Aliandika alfajiri, kabla ya kwenda kazini.

Mchapishaji aliyetoka uhamishoni

Mwaka 1862 Verne alikutana na mtu aliyebadilisha maisha yake, mchapishaji Pierre-Jules Hetzel. Huyu alikuwa mwanasiasa hasa. Mwaka 1848 alifanya kazi katika ofisi ya Lamartine, mshairi aliyekuwa kiongozi katika serikali ya muda ya jamhuri. Baada ya mapinduzi ya 1851 alikimbilia Ubelgiji, na akiwa uhamishoni alichapisha maandishi makali ya Victor Hugo ya kumpinga Napoleon wa Tatu. Alirudi Ufaransa baada ya msamaha wa mwaka 1859.

Hetzel alikuwa na mpango wa kutoa vitabu na gazeti la familia, la kuwafundisha watoto sayansi kwa njia ya hadithi. Verne alifaa kabisa. Walifunga mkataba, na kwa zaidi ya miaka 40 vitabu vikafuatana: safari ya katikati ya dunia, safari ya mwezini, nyambizi, kisiwa cha ajabu. Riwaya zilizotoka akiwa hai ni zaidi ya 50.

Mpango huo ulikuwa na masharti yake. Vitabu vilikuwa vya watoto na wazazi wao, viliuzwa nchi nyingi, na Hetzel alisoma kila ukurasa kwa jicho la siasa na jicho la biashara. Mwaka ule ule wa 1863 Verne alimletea hadithi ya Paris ya karne ya 20, mji wenye mashine na fedha lakini usio na nafasi kwa mshairi. Hetzel aliikataa. Karatasi zake zilikaa bila kuchapishwa mpaka zikaja kupatikana na uzao wake, na kitabu kikatoka mwaka 1994, karibu miaka 90 baada ya mwandishi kufa. Kwa hiyo tunaposoma siasa za Verne, tukumbuke kwamba kalamu ilikuwa moja lakini mikono ilikuwa miwili.

Puto juu ya vichwa vya babu zetu

Turudi kwenye ile safari ya puto. Verne aliitunga kwa kusoma taarifa za wapelelezi wa wakati wake, hasa Burton na Speke, Waingereza waliopita Kazeh wakitafuta chanzo cha Mto Nile kati ya 1857 na 1859. Majina ya mahali aliyapata humo. Pia alichukua humo jicho la kuwatazama watu.

Ndani ya kitabu, watu wa Unguja wanalipinga puto kwa kudhani litaleta madhara kwa jua na mwezi, hivyo wasafiri wanalijaza hewa kwenye kisiwa kidogo cha pembeni. Huko Kazeh watu wanadhani puto ni mwezi ulioshuka, na daktari anapokelewa kama mwana wa mwezi, mpaka mwezi wenyewe unapochomoza na uongo unafichuka. Kabla ya kufika hapo, nyani wanalizunguka puto, na wasafiri wanataniana kwamba kwa mbali walidhani ni wenyeji, kwani tofauti yenyewe si kubwa. Mbele zaidi kuna vita ya watu wanaokula nyama ya binadamu.

Kazeh ya kweli wakati huo ilikuwa mji wa biashara. Misafara ya Wanyamwezi iliyobeba pembe za ndovu hadi pwani ilikuwa inajulikana kote, na wafanyabiashara kutoka Unguja na Omani walikuwa na nyumba zao hapo. Watu waliozoea wageni wa kila namna, katika kitabu wanageuka kundi la watu wa kudanganywa kwa puto.

Lipo pia jambo la kisiasa lililofichwa ndani ya mazungumzo ya wale wasafiri. Wakiwa angani, daktari anatabiri kwamba siku Ulaya itakapochoka na ardhi yake kukosa rutuba, Afrika ndiyo itakuwa kitovu cha maisha ya dunia. Kwa kuyasikia hivyo tu, msomaji wa Kiafrika anaweza kufurahi. Lakini hazina anazozitaja zinawasubiri watu wapya watakaokuja. Wenyeji waliokuwa chini ya puto hawamo katika hesabu hiyo. Miaka 22 baadaye mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekutana Berlin kupanga namna ya kuligawana bara hili.

Kapteni Nemo na neno uhuru

Sasa tumtazame Verne akiwa upande mwingine. Mwaka 1869 ilianza kutoka hadithi ya Kapteni Nemo, mtu aliyeikimbia dunia na kuishi baharini ndani ya nyambizi yake. Nemo anazizamisha meli za taifa lililoua jamaa zake. Taifa gani? Katika mpango wa kwanza wa Verne, Nemo alikuwa mtu wa Poland, nchi iliyoinuka dhidi ya Urusi mwaka 1863 na kupondwa kwa ukatili. Meli alizozizamisha zilikuwa za Mrusi.

Hetzel alikataa. Vitabu vya Verne viliuzwa Urusi, na hakutaka kuwaudhi wakubwa wa huko. Akashauri adui wa Nemo awe wafanyabiashara wa watumwa. Safari hii Verne alikaza. Aliona kwamba akibadilisha adui, chuki ya Nemo haitakuwa na uzito. Mwisho wakakubaliana kutosema Nemo anatoka wapi, na ndiyo maana katika kitabu hicho taifa lake halitajwi.

Hata hivyo Verne aliacha alama. Katika chumba cha Nemo zimetundikwa picha za wapigania uhuru: Kościuszko wa Poland, Botzaris wa Ugiriki, O'Connell wa Ireland, Manin wa Italia, Washington na Lincoln wa Marekani, na John Brown, Mmarekani mweupe aliyenyongwa mwaka 1859 kwa kujaribu kuwapa watumwa silaha. Orodha hiyo inastahili heshima. Lakini ihesabu tena, msikilizaji wetu. Haina Mfaransa hata mmoja, na haina mtu hata mmoja aliyesimama dhidi ya Ufaransa.

Miaka michache baadaye, katika kitabu cha kisiwa cha ajabu kilichotoka 1874 na 1875, siri ilifichuliwa. Nemo ni mwana wa mfalme wa Kihindi aitwaye Dakkar, aliyepigana na Waingereza katika maasi makubwa ya India ya mwaka 1857 na kupoteza familia yake yote. Kwa msomaji wa Ulaya wa wakati ule, hilo lilikuwa jambo kubwa: shujaa mwenye elimu na akili kuliko wote, mwenye chombo ambacho Ulaya haikuwa nacho, alikuwa mtu wa koloni.

Lakini hapo hapo Verne anarudi nyuma hatua moja. Nemo anapokaribia kufa, mhandisi Mmarekani aliye pamoja naye anampa hukumu yake: kosa lake lilikuwa kutaka kurudisha zamani na kupigana na maendeleo yasiyozuilika. Maana yake, Mwingereza nchini India alikuwa maendeleo. Na kuna jambo la mwisho. Katika maandishi ya mkono ya Verne, neno la mwisho linalotoka kinywani mwa Nemo ni uhuru. Katika kitabu kilichochapishwa, Nemo anakufa akimtaja Mungu na nchi yake. Badiliko hilo lilitokana na Hetzel.

Watumwa wa nani?

Mwaka 1878 Verne alitoa kitabu cha nahodha wa miaka 15. Ni hadithi ya kijana wa Kimarekani ambaye meli yake inapotezwa njia na mpishi mwovu anayeharibu uelekeo wa dira kwa kipande cha chuma. Badala ya Amerika ya Kusini wanatua Angola. Wamarekani weusi walio huru, waliokuwa abiria ndani ya meli, wanakamatwa na kuingizwa katika msafara wa watumwa.

Kurasa za msafara huo ni kali. Verne alimsoma Livingstone, akaeleza minyororo, njaa, mifupa njiani na soko la watu. Hakuna shaka kwamba aliuchukia utumwa. Mwaka 1887 alirudia tena, kwa riwaya ya vita vya Marekani kati ya kaskazini na kusini, ambamo shujaa ni mwenye shamba huko Florida anayewapa watumwa wake uhuru.

Wauzaji katika hadithi ya Angola ni Wareno, Waarabu na machifu wa Kiafrika. Hilo si uongo. Lakini Wafaransa nao walikuwapo. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa, kwenye pwani yetu, wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Na Nantes, alikozaliwa Verne, tumeshaitaja. Katika hadithi hiyo dhambi ya Ufaransa haikupewa uzito unaolingana nayo.

Ukizipanga riwaya zake za kisiasa pamoja, mtindo huu unajitokeza. Aliwatetea Wagiriki dhidi ya Waturuki, Wahungari dhidi ya Austria, Wakanada wenye asili ya Ufaransa dhidi ya Waingereza, na watoto maskini wa Ireland. Katika riwaya moja ya miaka ya 1860 alimchora mtoto mwenyeji wa Australia, aliyesomeshwa na Waingereza, anayejibu maswali ya jiografia kana kwamba dunia nzima ni mali ya Uingereza. Ni kejeli nzuri. Lakini miaka hiyo hiyo Ufaransa ilikuwa Aljeria, ikapanuka Senegal na Indochina, na mwaka 1895 ikaiteka Madagaska. Huko kalamu yake ilikuwa nyepesi zaidi.

Ilipofika mwaka 1905, mwaka wa kifo chake, ndipo kilipotoka kitabu chake kuhusu mradi wa Wafaransa wa kuingiza maji ya bahari ndani ya jangwa la Sahara. Watuareg na watu wa oasisi wanaupinga, kwa sababu utaua misafara yao na maisha yao. Verne anazieleza sababu zao vizuri, lakini hadithi yenyewe inakwenda pamoja na wahandisi na askari wa Kifaransa, na mwisho bahari inaingia kwa tetemeko la ardhi.

Vita, na hofu ya watu wa chini

Mwaka 1870 Ufaransa ilipigana na Prussia na kushindwa vibaya. Verne, akiwa na miaka 42, alitumikia katika ulinzi wa pwani ya kaskazini. Machi 1871 wafanyakazi wa Paris waliunda serikali yao wenyewe, inayojulikana kama Komuni ya Paris. Ilidumu wiki chache tu. Mwishoni mwa Mei jeshi liliingia mjini na kuua maelfu ya watu katika muda wa wiki moja.

Mwandishi wa Nemo hakuwa upande wa waasi hawa. Katika barua za kipindi hicho kwa baba yake alitaka wasoshalisti wapigwe bila huruma, akiamini kwamba jamhuri haiwezi kusimama kwa njia nyingine. Mtu wa Poland akishika bunduki alikuwa shujaa. Fundi wa Paris akishika bunduki alikuwa hatari.

Historia ina mizaha yake. Mwaka 1879 kilitoka kitabu cha Verne chenye siasa nyingi kuliko vingi, hadithi ya miji miwili huko Marekani: mmoja wa daktari Mfaransa, wenye hewa safi na afya, mwingine wa profesa Mjerumani, wa chuma na mizinga. Hadithi hiyo haikuanzia kwake. Hetzel alinunua maandishi ya Paschal Grousset, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa Komuni na wakati huo yuko uhamishoni, akampa Verne ayaandike upya. Kikatoka kwa jina la Verne peke yake. Na katika ule mji mwema wa Wafaransa, vibarua wa Kichina walioujenga wanalipwa mishahara yao kwa sharti la kuondoka na kutorudi.

Diwani wa Amiens

Mwaka 1871 Verne alihamia Amiens, mji wa kaskazini alikotoka mke wake. Huko ndiko alikoishi hadi mwisho. Mwaka 1886 ulikuwa mchungu: mpwa wake, Gaston, aliyekuwa na matatizo ya akili, alimpiga risasi mguuni, akabaki akichechemea. Siku chache baadaye Hetzel alifariki.

Mwaka 1888, akiwa na miaka 60, aligombea udiwani na akashinda. Kilichowashangaza rafiki zake ni orodha aliyogombea nayo. Verne alijihesabu mtu wa Orléans, yaani wale waliotamani ufalme wenye katiba urudi. Lakini aliingia kwa orodha ya meya Frédéric Petit, ya wanajamhuri wa mrengo wa kushoto. Alimweleza rafiki yake kwa barua kwamba nia yake ilikuwa kuwa na manufaa na kusukuma maboresho fulani ya mji, na kwamba katika jamii yeye anapenda utaratibu.

Na kwa kweli alifanya kazi. Alikaa barazani takriban miaka 15, akichaguliwa tena na tena. Alishughulikia jumba la michezo ya kuigiza, shule, mitaa na sherehe za mji. Alipigania ujenzi wa jengo la kudumu la sarakasi, lililofunguliwa Juni 1889 kwa hotuba yake. Wakati huo mwandishi huyu alikuwa anajulikana duniani kote, lakini alikaa kikaoni kujadili gharama za matengenezo. Jengo hilo lipo hadi leo, na linaitwa kwa jina lake.

Hapa tumpe haki yake. Wapo watu wengi wenye maneno makubwa kuhusu dunia wasioweza kushughulikia mtaro wa maji mtaani kwao. Verne hakuwa hivyo.

Jaribio la Dreyfus

Mwaka 1894 nahodha wa jeshi la Ufaransa, Alfred Dreyfus, ambaye alikuwa Myahudi, alihukumiwa kwa kosa la kuuza siri kwa Wajerumani. Alipelekwa kufungwa kwenye kisiwa mbali na kwao. Baadaye ilianza kujulikana kwamba hana hatia na kwamba mhusika ni ofisa mwingine. Januari 1898 mwandishi Émile Zola alilishtaki jeshi hadharani kupitia gazeti. Ufaransa ikagawanyika nyumba kwa nyumba, na nyumba ya Verne nayo ikagawanyika. Mwanawe Michel aliamini kwamba Dreyfus ameonewa. Baba alisimama na waliompinga Dreyfus.

Hili ndilo doa kubwa. Haliko peke yake, kwani katika riwaya moja ya mwaka 1877 alimchora mfanyabiashara Myahudi kwa dharau iliyomfanya rabi mkuu Zadoc Kahn alalamike. Alipopata nafasi ya kumtetea mtu mmoja aliyeonewa, raia wa nchi yake, hakuitumia. Lakini mwaka 1902 alitoa riwaya ya ndugu wawili waliohukumiwa kwa mauaji wasiyoyafanya, wakaja kuokolewa na picha ya maiti, ambapo ndani ya macho ya marehemu zinaonekana sura za wauaji wa kweli. Wasomi wengi wameona kivuli cha Dreyfus humo. Dreyfus alisafishwa rasmi mwaka 1906. Verne hakuiona siku hiyo.

Mtu asiyetaka mtawala

Kati ya maandishi aliyoyaacha kabatini kulikuwa na riwaya aliyoiandika mwishoni mwa miaka ya 1890. Mhusika wake anaishi kusini kabisa mwa Amerika, kati ya wenyeji wa huko, ambao anawatibu. Hakubali serikali yoyote. Siku moja meli yenye mamia ya wahamiaji inavunjika pwani. Watu hao wanashindwa kugawana chakula, wanaanza kuumizana, na yule asiyetaka mtawala analazimika kutawala yeye.

Kitabu kilitoka 1909 baada ya Michel kukibadilisha sana, na maandishi ya baba yenyewe yakaja kuchapishwa baadaye. Tukikisoma tunamwona Verne mzima. Moyo wake ulikuwa kwa mtu huru. Akili yake ilikuwa kwa mtu wa utaratibu. Hakuweza kuwapatanisha, akawafanya waishi ndani ya mtu mmoja.

Jules Verne alifariki Amiens tarehe 24 Machi 1905, kwa kisukari, akiwa na miaka 77.

Je, tuviache vitabu vyake kwa sababu ya lile puto lililopita juu ya Kazeh? Sisi hatuoni hivyo. Mwanafunzi anayempenda Nemo ana haki ya kumpenda, na aambiwe pia kwamba neno lake la mwisho lilikuwa uhuru kabla halijafutwa. Kisha aambiwe na habari za fundi wa Paris, za Dreyfus, na za wakazi wa Tabora waliotazamwa kutoka juu. Verne aliona dhuluma ya Mwingereza India na ya Mturuki Ugiriki bila shida. Ya nyumbani ilimsumbua macho. Msomaji akiyajua hayo, anaweza kumuuliza mwandishi yeyote, na kiongozi yeyote, maswali yale yale.